Ubao wa Rangi Mkononi mwa Diego

Kumchora mwenzi wa ndoa ni kazi ngumu. Mwenzi huyo akiwa naye mchoraji, ugumu unazidi, kwa kuwa aliye mbele yako anazijua mbinu zako zote. Frida Kahlo aliingia katika kazi hiyo Aprili 1931 akiwa San Francisco, ndoa yake na Diego Rivera haijatimiza miaka miwili. Diego alikuwa na miaka 44 na jina lililovuka mipaka ya Meksiko. Alialikwa mjini humo kuchora picha za ukutani. Frida alikuwa na miaka 23, na kwa wenyeji wengi alikuwa mke wa mgeni mashuhuri, basi.

Itazame picha yenyewe. Diego amejaa upande wake wa turubai, viatu vyake vikubwa vimekita sakafuni. Miguu ya Frida ni midogo mno, ni kama haikanyagi chini. Mkono mmoja wa Diego umeshika ubao wa rangi na brashi. Frida hana zana yoyote. Kiganja chake kimelazwa tu juu ya kile cha mumewe. Kichwa chake kimeinamia upande wa mume, cha mume kimegeukia kando kidogo. Juu yao ndege amebeba utepe unaotaja waliochorwa, mji, mwezi, na rafiki aliyechorewa, Albert Bender. Humo Diego anaitwa mume mpenzi. Utepe huo unafanya kazi ya jina la kanga: maneno ni matamu, ila mwenye macho huuliza yamemlenga nani.

Wapo wanaoiona hii kuwa picha ya mke anayejishusha. Sikubaliani nao. Ubapa wa picha hiyo na ule utepe vimetoka katika michoro ya zamani ya Meksiko, ya watu wa kawaida na ya makanisani, ambayo Frida aliipenda na kuisoma kwa makini. Aliyechagua mtindo kwa uangalifu kiasi hicho hakosei ukubwa wa miguu. Alipima. Umbali kati ya vichwa vile viwili umepimwa, ulegevu wa viganja umepimwa, na brashi zile za Diego, kila unywele wake, zimechorwa na mkono unaoonekana mtupu.

Diego naye alimchora. Mwaka 1928, kabla ya ndoa, alimweka katika ukuta wa Wizara ya Elimu jijini Mexico City, amevaa shati jekundu, akigawa silaha kwa wanamapinduzi. Uchoraji wake haumo. Ilipofika 1940, tena San Francisco, alimchora katikati ya ukuta mkubwa akiwa na ubao wa rangi na brashi mkononi. Hatimaye! Lakini humo humo Diego amempa mgongo, ameshikana mikono na mwigizaji Paulette Goddard. Diego na Frida walikuwa wametalikiana mwaka uliotangulia. Desemba ya 1940 wakaoana upya.

Ukuta ule una urefu wa zaidi ya mita 22. Picha ya Frida ina sentimeta 100 kwa 79, nayo imehifadhiwa katika jumba la sanaa za kisasa la mji huohuo. Ningeambiwa nichague moja ya kumfundishia kijana anayeanza kuchora watu, ningechukua hiyo ndogo.