Mzee wa Mbuzi Hana Majirani

Mpwa wangu yuko gredi ya nne. Juzi jioni, tukiwa tumezunguka jiko kwa sababu baridi ya Mau Narok haichezi, alinisomea hadithi ya pesa. Unaijua. Mzee ana mbuzi, anataka mahindi. Mwenye mahindi hataki mbuzi, anataka jembe. Wanazungushana hadi wachoke, ndipo watu wanavumbua pesa. Mwisho.

Akaniuliza, "Anko, kwani huyo mzee hakuwa na majirani?"

Sijasikia uhakiki mzuri kushinda huo. Kama hadithi, hii ni dhaifu: mhusika anaishi kijijini lakini hana ukoo, hana rafiki, hana mtu wa kumkopesha hata debe moja. Hapa kwetu unga ukiisha unatuma mtoto kwa jirani na bakuli. Wiki ijayo bakuli linakuja upande wako. Hakuna anayetajiwa mbuzi.

Hadithi yenyewe ina babu: Adam Smith wa Uskoti, aliyeiandika kwa namna yake mwaka wa 1776. Mwaka wa 1985 mwanaanthropolojia Caroline Humphrey alisema wazi kwamba hakuna jamii iliyowahi kuelezwa ikiishi kwa kubadilishana mali kwa mali tu. David Graeber akalikuza jambo hilo mwaka wa 2011 katika kitabu chake kuhusu deni. Si kusema watu hawakubadilishana. Wanawake wa Kikuyu na wa Kimaasai walifanya biashara ya nafaka, vibuyu na ngozi. Lakini hiyo ilikuwa kati ya jamii na jamii. Nyumbani, watu walikopeshana na kukumbuka.

Kinachoniudhi zaidi ni sura iliyorukwa. Mwaka wa 1901 serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya nyumba, na ikahesabiwa kwa rupia. Mtu aliyekuwa na mbuzi, mahindi na jembe, vyote vitatu, ghafla alikuwa na deni lililopimwa kwa sarafu ya serikali. Wengi ilibidi wauze kitu, au waende kufanya kazi ya mshahara kwa mzungu. Shilingi ilipokuja miaka ya 1920, mazoea yalikuwa tayari. Hapo pesa haikuja kumpunguzia mtu usumbufu. Ilikuja kumtoa nyumbani.

Ati mtoto ni mdogo, hawezi kuelewa? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Ningependa mtu angeniambia mapema kwamba pesa pia ni amri.

Basi nilichukua kile kijitabu cha maziwa kinachokaa juu ya kabati. Kila asubuhi yeye ndiye hupeleka maziwa barabarani, mchukuzi anaandika lita, mwisho wa mwezi tunalipwa. Nikamwambia, "Hii ni ahadi. Pesa ni ahadi ambayo hata mtu asiyekujua anaikubali."

Akapekua kurasa, akafika mwezi ambao mnunuzi mmoja alipotea na hela zetu.

"Na huyu je?"

Nilinyamaza. Lakini hilo ndilo swali ambalo kitabu chake kingeanza nalo, kisha kimwache mzee na mbuzi wake wapumzike.