Kasala si nguo ya sikukuu

Hapa Lubumbashi, mila nyingi zilifika na reli. Mwaka 1928 njia ya BCK iliunganisha Katanga na Ilebo kupitia Kasai, na Baluba ba Kasai wakazidi kuja kutafuta kazi. Walikuja na nguvu za mikono, lakini pia na kasala.

Kasala ni wimbo ambamo mwimbaji anaita mtu kwa majina yake ya sifa, anataja wazazi na babu zake, walikotoka na mambo waliyotenda. Tunaisikia zaidi kwenye kilio. Kuko maneno ambayo mwimbaji alirithi, na kuko mengine anayotunga palepale, akiangalia nani amefiwa na nani amekaa mbele yake. Mwenye kuitwa anasimama, analia, anatoa franga. Pasipo mtu wa kuitwa, hakuna kasala.

Basi tuseme kweli juu ya kasala tunayoona kwenye sikukuu za utamaduni. Mzee anapewa mikro dakika tano, katikati ya ngoma mbili. Wageni wanapiga picha. Ni muzuri kwa macho. Lakini mzee anaita nani? Mara nyingi anaita wakubwa wa viti vya mbele, ambao hajui hata babu zao. Sifa isiyo na ukoo ni kubembeleza tajiri tu.

Wengine watajibu kwamba afadhali kidogo kuliko kupoteza yote. Ni hoja ya kusikilizwa. Tshala Muana (1958-2022), mzaliwa wa Lubumbashi, alipanda na mutuashi kwenye majukwaa makubwa, na mchezo huo ukapata nguvu mpya. Lakini mutuashi ni mwili na mdundo, mtoto anaweza kuushika kwa kuangalia. Kasala ni majina. Jina lisilotajwa nyumbani linapotea, hata kama watu wamejaa uwanjani.

Kitabu nacho kinasaidia. Clémentine Faïk-Nzuji alichapisha chake juu ya kasala mwaka 1974, hapa hapa Lubumbashi. Hiyo ni akiba kubwa. Lakini kitabu hakiwezi kujua babu yako ni nani.

Tena tukumbuke miaka ya 1992 na 1993, wakati Bakasai wengi walifukuzwa Katanga. Mwenye kufukuzwa anaondoka na majina anayoyajua. Waliobaki ao kurudi wana watoto wenye kusema Kiswahili na Kifaransa, na Ciluba wanasikia nusu.

Sisi walimu tunaona njia hii: mzazi amfundishe mtoto majina ya vizazi vitatu kwa Ciluba, kisha amueleze kwa Kiswahili sababu ya kila jina. Vyama navyo, siku ya sikukuu, sherti viweke mbele ya mwimbaji jamaa moja anayoijua, na vimuachie wakati wa kutosha. Majirani wasio Baluba watafasiriwa. Kwenye kilio wanakaa nasi usiku mzima. Wana haki ya kujua tunamulilia nani.