Kuliza na Kujiliza: Istilahi ya Hisia za Kupindukia katika Uhakiki wa Kiswahili

Wahakiki wetu wanapokutana na kazi yenye huzuni au mahaba yaliyovuka mpaka, aghalabu huandika "hisia za kupindukia". Makala haya yanadai kwamba fungu hilo hupima wingi wa hisia, ilhali kasoro inayokusudiwa imo katika namna hisia hizo zinavyoletwa.

Kipimo cha wingi si chetu peke yetu. Neno "schmaltz" la Kiyidi, lenye asili ya Kijerumani, ni mafuta ya kuku au bata bukini yaliyoyeyushwa. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki waliyapikia kwa kuwa sheria ya dini yao inakataza mafuta ya nguruwe, na pia kuchanganya nyama na siagi. Kufikia miaka ya 1930, Kiingereza cha Marekani kilikuwa kimelichukua neno hilo kwa muziki na maigizo ya kutafuta machozi. Mafuta yenyewe yalithaminiwa jikoni. Lawama ilitokana na kuzidi.

Kiswahili kina njia nyingine. Kutokana na "lia" tunapata "liza", kumfanya mtu alie. Tukiongeza kiambishi kirejeshi "-ji-" tunapata "jiliza", kujitia kilio ili kuonewa huruma. Umbo hili haliulizi machozi ni mangapi, bali yanatoka wapi na yanatafuta nini.

Tofauti hii ina uzito. Mbolezi ni utungo wa kilio. Kwa kipimo cha wingi, bahari nzima ingehukumiwa. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anaonyesha majumba ya Pate yaliyohamwa, na madaka ya vyombo vya kaure yaliyogeuka viota vya ndege. Huzuni ni kubwa, lakini mshairi haombi kuhurumiwa. Anauonya moyo wake mwenyewe. Utenzi huo unaliza, haujilizi. Kinyume chake, riwaya inayomfisha mtoto bila msuko kudai hivyo, kisha msimulizi akatuhimiza tusikitike, inajiliza hata kwa chozi moja.

Huenda ikapingwa kwamba katika mazungumzo "kujiliza" ni tuhuma ya unafiki dhidi ya mtu. Ndivyo ilivyo. Kwa hiyo istilahi hii iambatane na sharti: kinachojiliza ni matini, wala si mtunzi, na mhakiki aonyeshe mahali matini inapofanya hivyo.