Pongezi kwa mafundi wa kusubu sufuria
Wengi husifu moto wa fundi anayesubu sufuria. Mimi naisifu kalibu yake. Moto si kazi ngumu: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na makaa yanayopulizwa vizuri hufika huko. Ustadi mkubwa uko kwenye mchanga wa kalibu: ukilowa kupita kiasi, mvuke hulipuka. Na alumini ikimiminwa imepoa, huganda kabla ya kufika ukingoni. Fundi hupima yote hayo kwa jicho na kiganja.

Wapo wanaohofia kwamba sufuria hizi hutoa madini ya risasi, na utafiti wa Kameruni uliochapishwa 2014 unawaunga mkono. Lakini sumu hiyo huingia na vyuma chakavu visivyochambuliwa, wala haitokani na ustadi wa mikono. Tuwasaidie mafundi kuchambua, ili ugali wetu upikwe salama.