Siku ya Ine na Jumanne: Uhakiki wa Matoleo ya Kiswahili cha Kongo katika Kompyuta

Mkazi wa Goma anayeambiwa arudi zahanati siku ya ine hufika Alhamisi. Mtu wa Tanga akiambiwa vivyo hivyo, naye akaitafsiri kauli hiyo kwa Jumanne anayoijua, atafika siku mbili kabla ya wakati. Hakuna aliyekosea. Juma la pwani huhesabiwa kuanzia Jumamosi, yaani siku ya mosi baada ya Ijumaa ya Waislamu, na kwa hiyo Jumanne ni siku yake ya nne. Juma la Kongo liliumbwa na ratiba ya kazi na ya misheni: huanza Jumatatu, na siku ya ine huangukia Alhamisi. Wasomi wa lahaja wamezoea kuitaja tofauti hii kwa kupita. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo iliwahi kuandikwa ndani ya kompyuta, kisha ikaondolewa, na kwamba namna ilivyoondolewa inastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki toleo jipya la diwani au la kamusi.

Matini inayohusika ni faili katika hazina ya data za lugha inayotunzwa na Muungano wa Unicode, ijulikanayo kwa kifupisho CLDR. Simu na kompyuta nyingi duniani huchota humo majina ya miezi, siku, nchi na sarafu. Msingi wa kuingiza Kiswahili cha Kongo ulikuwapo tangu 2007, pale kiwango cha ISO 639-3 kilipokitaja Kiswahili kama lugha-mama yenye matawi mawili: swh kwa Kiswahili cha pwani na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 hazina hiyo ilikuwa na faili kamili la swc.

Faili lile lilikuwa na ladha yake. Miezi haikuitwa Januari wala Februari. Iliitwa mwezi ya kwanja, mwezi ya pili, mwezi ya tatu, mwezi ya ine, mwezi ya tanu, na kuendelea hadi mwezi ya munane na mwezi ya kumi na moya. Jumapili ilikuwa siku ya yenga, Jumatatu siku ya kazi, kisha siku ya pili hadi siku ya sita. Saa za kabla ya adhuhuri zilikuwa ya asubuyi, na za baadaye ya muchana. Miaka ilihesabiwa mbele ya Yezu Kristo na kisha ya Yezu Kristo. Tahajia hiyo ya Yezu yatosha kumwonyesha msomaji ni kanisa gani lililowafundisha watu kusoma.

Haifai kulisifu kupita kiasi. Mwandishi wake alikubali umbo la kumi na moya, lakini mwezi uliofuata akauita mwezi ya kumi ya mbili, bila kuonyesha sababu ya kubadili kiunganishi. Umbo la kwanja lina mashaka zaidi: je, ni la Kongo nzima, au ni la eneo moja lililopewa kazi ya kuwakilisha mengine yote? Vifupisho navyo vilikatwa kwa haraka, hata mwezi wa tatu ukaandikwa mtu. Tena, mzungumzaji wa Goma mjini hutaja lundi na mardi kwa Kifaransa bila wasiwasi wowote, na faili halikuliona hilo. Kwa ufupi, lilikuwa rasimu ya kwanza nzuri iliyohitaji mhariri mwenye sikio.

Mhariri hakuja. Katikati ya muongo huo swc iliondolewa kama lugha inayojitegemea, na nafasi yake ikachukuliwa na sw_CD, yaani Kiswahili kama kinavyotumika katika nchi ya Kongo. Programu inayoomba swc sasa huelekezwa huko. Na sw_CD hurithi kutoka Kiswahili sanifu kila kitu ambacho haikukitaja yenyewe. Hivyo mwezi ya kwanja umerudi kuwa Januari, na siku ya yenga imekuwa Jumapili.

Uamuzi huu una watetezi, na hoja zao si dhaifu. Katiba ya Kongo ya 2006 inaitaja Swahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Haitaji lugha mbili za Kiswahili. Kiswahili kinachoandikwa kwa makini huko mashariki hukaribia sana kile cha Dar es Salaam kuliko kinachosemwa sokoni. Kugawa lugha moja kwa misimbo miwili kungewalazimu watunzi wachache wa data kufanya kazi mara mbili. Yote haya ni kweli. Hata hivyo, hoja ya kuunganisha misimbo haikulazimisha kufuta maneno: sw_CD ingeweza kabisa kutaja siku na miezi yake, kama inavyotaja mambo mengine.

Mambo hayo mengine ndiyo yanayoshangaza. Katika sw_CD yamebaki majina machache ya nchi yenye tahajia tofauti, kama vile Afuganistani. Imebaki alama ya FC kwa faranga ya Kongo. Na imebaki desturi ya kutenga desimali kwa mkato na maelfu kwa nukta. Elfu moja mia tano huandikwa 1.500, jambo ambalo karani wa Mombasa angelisoma kama moja na nusu. Desturi hiyo ililetwa na shule ya Kibelgiji. Kwa maneno mengine, kilichohesabiwa kuwa cha Kongo halisi ni urithi wa mtawala, na kilichohesabiwa kuwa kosa la kusafishwa ni usemi wa watu wenyewe. Huenda hakuna aliyekusudia hivyo. Lakini uhakiki hushughulikia matini iliyopo, si nia ya mtunzi.

Hapa ndipo suala la usimamizi wa matoleo linapowahusu wanafilolojia. Data za namna hii hutunzwa katika mifumo inayohifadhi kila badiliko, kama vile Git, mfumo uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe, na maelezo mafupi. Hakuna mstari unaopotea kabisa. Mnakili wa tenzi wa Lamu hakuwahi kuwa na chombo kama hicho. Lakini mfumo huonyesha mistari iliyoongezwa na iliyoondolewa, nao haulazimishi mtu kueleza kwa nini neno hili lilishinda lile. Na zaidi ya hayo, mwenye simu huletewa toleo la mwisho tu. Historia ipo kwa anayejua kuiuliza.

Inafaa kulinganisha na jinsi Johannes Fabian alivyochapisha mwaka 1990 historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga. Tahajia ya Yav haikuwa na mpangilio, na maneno yaliungana na kukatika ovyo. Fabian hakuisanifisha. Matini ya asili iliwekwa kando ya toleo lililosomwa upya kwa sauti na Kalundi Mango, pamoja na tafsiri. Msomaji anaona hatua zote mbili kwa wakati mmoja, na anaweza kumpinga mhariri kwa ushahidi wa mhariri mwenyewe.

Tofauti hii haikomei maktabani. Tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Kila aliyekutana na mgonjwa alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21. Kazi hiyo yote ni ya tarehe: aje lini, apimwe lini, aachiliwe lini. Muuguzi anayejaza fomu kwenye simu iliyowekwa Kiswahili huchagua Jumatano kisha humwambia mama aliye mbele yake siku ya tatu, naye hutafsiri kichwani bila kufikiri. Mgeni aliyejifunza Kiswahili Nairobi akiketi mahali pake, kalenda ya sw_CD haitamwonya. Faili la zamani lingemwonya, pamoja na kasoro zake zote. Na anayetaka kulisoma leo hana budi kurudi nyuma katika matoleo ya hazina hadi yale ya kabla ya swc kuondolewa.