Karatasi ya Siku Mbili

Mgeni akinipigia simu kunijulisha kwamba anakuja Dodoma kwa siku mbili, swali langu la kwanza si anataka kuona nini. Namuuliza huwa anakula saa ngapi. Aliyezoea kunywa chai saa moja asubuhi hawezi kupandishwa mlima saa nne akiwa na andazi moja tumboni, na yule ambaye mlo wake mkubwa ni wa usiku, ukimwekea kilo ya mbuzi mezani saa tano asubuhi atakula kwa adabu tu. Nikishazijua saa za tumbo lake, nachukua karatasi ya daftari, naikunja katikati: upande mmoja Jumamosi, upande wa pili Jumapili. Kazi inaanzia hapo.

Nakaa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kilometa 17 hivi mashariki ya katikati ya jiji, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Mji huu ulipozinduliwa Aprili 2019, sehemu kubwa ilikuwa vichaka vya miiba na udongo mwekundu; leo wizara zimejipanga kwa safu na lami imepita katikati. Tuliohamia huku tumehamia na ndugu wa kututembelea. Zamani mgeni wa basi alimaliza siku nzima njiani, na akishafika alikaa wiki. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, mtu anaondoka Dar es Salaam Ijumaa jioni, saa tatu na nusu hivi baadaye yupo stesheni, na Jumapili usiku anataka alale kwake. Safari imekuwa fupi, na safari fupi ndiyo inayotaka fundi. Ile ndefu hujisahihisha yenyewe: umekosea Jumanne, Jumatano itafidia. Ya siku mbili ni kama gauni la mtoto mchanga, kitambaa ni kidogo na mkasi ukiteleza hakuna pa kuungia.

Wengi wanadhani kupanga safari ni kuandika orodha ya vivutio. Kuorodhesha hakumshindi mtu. Ufundi uko kwenye kuacha.

Somo hilo nililisikia vizuri kwa dada mmoja tunayefanya naye kazi. Alikwenda Japani kwa mafunzo, akapata siku mbili za mapumziko, akaamua aione Kyoto. Mwenyeji wake alimwonyesha kijitabu kidogo ambacho wanafunzi wa kule huandaliwa kabla ya safari ya shule: saa za treni, vitu vya kubeba, mahali pa kula, hata nafasi iliyo wazi ya kuandika ulichokiona. Wanakiita shiori. Asili ya neno hilo ni tawi linalovunjwa porini ili mtu aitambue njia wakati wa kurudi. Aliponieleza hivyo niliacha kalamu. Maana na sisi tawi ni maandishi ya njiani: lori likiharibika barabarani, dereva hukata matawi akayalaza kwenye lami, na yeyote anayetokea, hata kama hajui kusoma, anaelewa kwamba mbele kuna jambo.

Karatasi yake ya Kyoto ninayo nakala. Siku ya kwanza ina sehemu mbili tu. Alfajiri, Fushimi Inari, kwenye ile milango myekundu kwa maelfu iliyopangwa ikipanda mlima, kwa sababu pale hapafungwi na jua likipanda watu hufurika. Mchana, soko la Nishiki, kabla maduka hayajafunga jioni, na kando ameandika kwa wino mwekundu: usile ukitembea. Pale muuzaji anataka ule papo hapo mbele ya duka lake, ummalizie kijiti chake, ndipo uende kwa jirani. Kyoto ina mahekalu ya Kibuddha zaidi ya 1,000. Nikamuuliza, na hayo mengine je?

"Niliyaacha, kaka."

Alilisema bila majuto hata chembe, kama mpishi anayekwambia hakutia iliki.

Lakini ufundi huu haukuletwa kwetu na treni, wala haukutoka Kyoto. Nchi hii ya Ugogo ilikuwa darasa la wapanga safari miaka zaidi ya 150 iliyopita, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Baada ya Mpwapwa, kabla ya kuingia Ugogo, ilikuwapo mbuga ya Marenga Mkali, kavu, na maji machache yaliyopatikana yalikuwa machungu kinywani. Wapagazi walikuwa na mitumba vichwani na mabegani, mizigo iliyofungwa ya vitambaa na shanga, frasila mbili hivi kwa mtu, yaani kilo 30 na ushei. Huwezi kumwambia mtu mwenye mzigo huo avumilie kiu kwa kuwa ulisahau kuhesabu. Basi siku ya kuvuka mbuga haikuanza alfajiri kama siku nyingine. Waliondoka mchana jua likianza kuinama, wakatembea mpaka giza, wakalala bila kisima, wakaamka mapema wamalizie kipande kilichobaki kabla jua halijapamba moto. Mwendo huo uliitwa tirikeza. Ndani ya neno hilo moja mna umbali, jua, kiu na uzito wa mzigo, vyote vimeshapigiwa hesabu. Mimi sijapata kuona ratiba iliyo fupi kuliko hiyo.

Na kuvuka mbuga hakukuwa mwisho. Wenye visima walikuwa Wagogo, na watemi wao walitoza hongo ya vitambaa. Hongo haikulipwa kwa haraka. Ilijadiliwa, wajumbe wakaenda na kurudi, na msafara ukakaa ukisubiri. Wasafiri wengi wa Kizungu waliopita huku, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, wameandika kwa hasira juu ya kucheleweshwa huko. Naelewa hasira yao, ila siikubali. Maji yalikuwa ya watu na nchi ilikuwa ya watu. Mkuu wa msafara aliyeijua njia alitenga siku za kukaa kama alivyotenga siku za kutembea. Hongo ya leo ni muda. Ukimpeleka mgeni kijijini, anza kwa salamu ya Kigogo, mbukwenyi, kaa kwenye kigoda ulichopewa, jibu habari za nyumbani hadi ziishe. Nusu saa hiyo iandike kwenye karatasi. Usipoiandika utaichukua kwa nguvu kutoka mahali pengine, na wenyeji wataiona saa unayoiangalia mkononi.

Nimeyajua haya kwa kuumia. Mama yangu mkubwa alikuja kwa mara ya kwanza kutoka Tanga, nami kwa furaha nikamjazia Jumamosi moja: michoro ya miambani Kolo, mnada wa Msalato, shamba la zabibu, Mlima Simba, uwanja wa Nyerere Square na msikiti wa Gaddafi. Kolo peke yake iko zaidi ya kilometa 150 kaskazini, mbele ya mji wa Kondoa. Tulifika kule jua limeegemea upande, magoti yake yamekauka kwa kukaa garini, akashindwa kupanda. Alikaa kwenye kiti cha mbele mlango ukiwa wazi, akatungoja. Usiku nilipomuuliza siku imekwendaje, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, nimeiona barabara."

Tangu siku hiyo kila mgeni ana karatasi yake, na ya mmoja haimfai mwingine.

Vijana nawapeleka Msalato. Mnada uko Jumamosi, kwenye barabara ya kwenda Kondoa na Arusha, na siri yake ni mpangilio wa saa. Asiyejua anazunguka kwanza, anasikia njaa, ndipo anakwenda kuagiza nyama. Halafu anakaa zaidi ya saa nzima akitazama moshi, na ikifika ameshanuna. Anayejua hufika saa tano, akaenda moja kwa moja kwa wauza nyama. Mbuzi wametundikwa, unaonyesha kipande chako. Mimi husema mbavu na kipande cha mguu, mbavu kwa utamu na mguu kwa kushibisha. Inapimwa kilo, inakabidhiwa kwa mchomaji. Unamwamkia ipasavyo, maana moto ni wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Zungukeni kwanza, mtaikuta."

Hatasema dakika ngapi, na usimbane. Nyama ya mbuzi ikiharakishwa huungua nje na kubaki mbichi mfupani. Saa hiyo ya kungoja ndiyo saa ya kutembea: wafugaji wakikagua meno na mapaja ya mifugo, kamba na visu, vibuyu, mitumba iliyomwagwa juu ya turubai, kina mama na mafungu ya karanga, ubuyu na mlenda uliokaushwa na kupondwa. Ukirudi, vidole vimechoka kushika vitu, pua imeshiba moshi, na nyama inakatwa juu ya gogo mbele yako kwa ndimu, chumvi, pilipili na ndizi zilizochomwa pembeni. Njaa na nyama vimefika pamoja. Katika kazi hii sina furaha inayozidi kuona hilo likitimia usoni mwa mgeni.

Mgeni simwanzii na mlenda. Najua wenyeji wenzangu wataniuliza kwa nini, maana ugali wa uwele na mlenda wa karanga ndiyo sahani yenyewe ya Ugogo. Lakini mtu wa pwani aliyeshuka kwenye treni Ijumaa usiku, amechoka, ukimwekea ugali wa kijivu na mboga inayovutika, atakula kidogo kisha aseme ameshiba. Mpe kwanza wali na kuku wa kienyeji, chakula anachokifahamu. Jumamosi aone karanga zikipondwa, ashike unga wa uwele mkononi, aunuse. Jumapili mchana mwandalie. Tonge linateleza, karanga inabaki ulimini, na mara nyingi sahani inaongezwa.

Kalenda nayo ina sauti yake. Zabibu za Dodoma, zilizoletwa na wamisionari katikati ya karne iliyopita, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na nje ya msimu shamba ni safu za nguzo na matawi yaliyopogolewa. Mgeni akija wakati huo nafuta shamba na kumnunulia divai ya hapa kama ni mnywaji, basi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni upepo na vumbi, na karatasi ya Agosti lazima iwe na neno miwani.

Mama mkubwa alikuja tena mwaka uliofuata. Safari hii upande wa Jumamosi ulikuwa na neno moja tu kwa herufi kubwa, KOLO, na chini yake saa. Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka, yeye amejifunika kanga mbili kwa baridi ya uwanda wa juu. Kondoa tulikunywa supu na chapati. Kufikia saa mbili na nusu tulikuwa kwenye ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, tukapewa kijana wa kutuongoza. Michoro hii iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951, lakini kwa wenyeji baadhi ya miamba hii bado ni mahali pa kazi: watu hupanda Mungumi kuomba mvua na uzima. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika mapumziko matatu ya kupanda, kila moja na kivuli chake. La kwanza alikataa kukaa. La pili alikaa kabla sijamwambia. La tatu alitoa karanga kwenye pochi, akatugawia sote, na kijana mwongozaji akamwita bibi.

Juu, mwambani, wapo wale watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, nywele zimetuna, na wanyama pembeni yao. Alisimama akiegemea fimbo kwa muda mrefu bila kusema kitu, nami sikuwa na mahali pengine pa kumharakishia.

Jumapili, kati ya saa saba na saa kumi, karatasi haikuwa na maandishi. Alikula mlenda, kisha akaburuta kigoda chini ya mbuyu kwa jirani yetu, mama wa Kigogo wa makamo yake, wakamenya karanga na kufundishana salamu, huyu Kigogo na yule Kibondei.

Stesheni aliniomba ile karatasi. Akaisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama pale nilipoandika Mtera, samaki wa kukaanga, nikapitisha kalamu juu yake.

"Na hii je?"

"Hiyo niliiacha, mama."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na tiketi yake.