Milima yetu haiko bulu: juu ya foto za mangaribi

Siku hizi statu zetu za WhatsApp zimejaa foto za namna moja: vilima vya Kpandroma, mbingu ya bulu, hakuna mutu hata mumoja. Chini yake wanaandika "paradiso". Foto ni nzuri, sikatae. Lakini uzuri ule unasema kitu, na ni hicho kitu nataka tukichunguze.

Tuanze na saa yenyewe. Wapiga foto wanaita "saa ya bulu" ule wakati jua limekwisha kuzama lakini giza haijafika. Mwangaza unapita njia ndefu hewani, ozoni inameza rangi ya machungwa na nyekundu, bulu inabaki. Ulaya mwezi wa sita, mangaribi inavuta sana, mupiga foto anaweza hata kukunywa chai. Kwetu karibu na ekweta, jua linaanguka wima: linazama kuelekea 18h00 mwaka muzima, na 18h30 kazi imekwisha. Kile wanaita saa, kwetu ni dakika chache tu.

Mafundi wanasema tena: ngojea taa za jengo ziwake, ili zilingane na mbingu. Mnara wa Eiffel uko na taa zake. Na Kpandroma? Taa ni lampe ya sola ya mama anayemaliza kuuza viazi, ni taa ya motari anayekimbilia nyumbani. Hizo ndizo taa zetu, na ndizo tunazikata kwenye foto.

Tunazikata hata bila kutaka. Mwangaza ukipungua, kamera inafungua jicho muda mrefu. Telefone inapiga foto nyingi mfululizo na kuziunganisha. Kinachosimama kinabaki, kinachotembea kinakuwa moshi ao kinapotea. Kilima kinabaki, mulimaji anafutika. Pengine ingekuwa neno dogo. Lakini hapa ni Djugu. Tangu Desemba 2017 vita vimefukuza watu wengi sana kwenye vijiji vyao, na udongo ni moja ya mizizi ya ugomvi. Hapa kwetu foto ya kilima kitupu haiko mandhari tu. Inasema udongo huu hauna mwenyewe.

Si sisi wa kwanza kutazama hivi. Mwingereza Samuel Baker aliona ziwa tarehe 14 Machi 1864, akiwa upande wa Uganda ya leo. Akalipa jina la Albert, na milima ya ng'ambo akaiona bulu. Mpaka leo kwenye karte imeandikwa Monts Bleus. Bulu ile ni rangi ya umbali, ni hewa iliyo katikati ya jicho na mulima. Mutu anayeishi huku juu anaona udongo, maharagi, kabichi, ng'ombe.

Nyuma akakuja Richard Mosse, wa Irlande. Alipiga mashariki ya Congo na filme ya infraruji, majani yote yakawa roza, na mwaka 2013 akaonyesha kazi yake Venice. Watu wengi walikasirika: vita kwa rangi ya pipi! Lakini sisi watu wa agronomia tunajua kitu kimoja. Jani lenye afya linarudisha infraruji kwa nguvu, ndiyo sababu jeshi lilitumia filme ile kutafuta adui aliyejificha, na ndiyo sababu satelite zinapima mashamba kwa infraruji. Basi roza ya Mosse, hata ikikuuzi, ilibeba habari ya jani. Bulu yetu inafanya kinyume: muhogo wenye mozaiki na muhogo muzima vinafanana, shamba lililolimwa na shamba lililoachwa vinafanana. Bulu inasamehe kila kitu. Ndiyo maana tunaipenda, na ndiyo maana tuiogope kidogo.

Sisemi tuache kupiga. Nasema fika mapema, 17h45, wakati bado unaona miguu yako. Weka kitu karibu: jembe, gunia, lampe. Omba ruhusa, mutu akisimama sekunde mbili bila kutikisika atabaki kwenye foto. Usielekeze kamera kwa askari wala barieri. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na mutu mwenye kamera gizani anaweza kukamatwa kama mupelelezi kabla hajaeleza habari ya ozoni. Na kama njia haiko salama, rudi nyumbani. Foto yenye thamani ya maisha yako haiko.

Foto ninayoingojea ni ya mama wa viazi akihesabu makuta kwa mwangaza wa lampe, Monts Bleus nyuma yake ikiwa bulu kadiri inavyotaka. Chini yake muandike bei ya gunia. Paradiso tuiache kwanza.